"Ni uzee tu": umri wa mwili, baridi yabisi na magonjwa ya kinga kujishambulia

TabibuWaBombo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nafungua uzi huu kwa sababu kuna jibu moja nalisikia karibu kila wiki kwenye vituo vya afya hapa kwetu Uganda, na linanichoma moyo: "Ni uzee tu, mama."

Mama anafika na vidole vimevimba kwenye maungio ya katikati. Anaeleza kwamba asubuhi mikono imekakamaa, vile vifungo viwili vya begani vya gomesi hawezi kuvifunga mpaka saa nne, mjukuu ndiye anayemfungia. Chupa ya chai anaibeba kwa viganja viwili kwa sababu vidole havikunji. Anaambiwa ni uzee, anapewa diklofenaki ya siku chache, anarudi nyumbani. Mwaka ukipita vidole vimeanza kupinda kuelekea upande wa kidole kidogo, na hapo hakuna kidonge cha kuvinyoosha.

Kwenye benchi hilohilo ameketi binti wa miaka ishirini na kitu. Viungo vinamuuma, nywele zinakatika, homa zinakuja na kuondoka. Yeye anaambiwa kinyume: "Wewe bado mbichi, magonjwa ya viungo ni ya bibi zako." Anapewa dawa ya malaria, mara nyingine bila hata kutobolewa kidole.

Majibu yote mawili yamezaliwa na dhana moja, kwamba umri ulioandikwa kwenye ndaga muntu (kitambulisho cha taifa) ndio umri wa kinga ya mwili. Sivyo. Kinga inaweza kuzeeka mapema kuliko mwenye nayo, na ikizeeka vibaya inaweza kuanza kumshambulia. Katika nchi ambayo sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, karibu nusu yao wakiwa hawajafika miaka 18, dhana hii inaumiza watu wengi sana.

Nitaeleza ninavyoelewa, kisha tujadili.

Mwaka 2013 mwanasayansi Steve Horvath wa Marekani alitoa njia ya kukadiria umri wa tishu kwa kusoma alama ndogo za kemikali, zinaitwa methili, kwenye sehemu 353 za DNA. Alama hizo hubadilika kwa utaratibu kadiri miaka inavyokwenda, ndiyo maana wataalamu huziita saa. Saa zilizofuata zililenga zaidi kukadiria kasi ya mwili kuchakaa na hatari ya kuugua au kufa kuliko kukisia mwaka wa kuzaliwa. Kipimo kingine cha zamani ni telomea, ncha za kromosomu zinazofupika kila seli inapogawanyika. Kazi juu ya telomea iliwapa Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Sasa njooni kwenye kinga yenyewe. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi inaitwa thaimasi. Humo seli T changa, askari wa kinga, hupimwa: ile inayoonyesha dalili ya kuushambulia mwili inauawa kabla haijatoka. Tezi hii huanza kusinyaa mapema, na mtu akifika miaka hamsini sehemu kubwa imekuwa mafuta. Seli T mpya zinapungua, kwa hiyo mwili unajaza pengo kwa kugawanya zile za zamani tena na tena. Zinazogawanyika sana telomea zake zinafupika, baadhi zinapoteza kipokezi cha CD28 ambacho ni sehemu ya ruhusa ya kazi yake, na badala ya kutulia zinakuwa kali ovyo.

Halafu kuna seli zilizochoka kabisa, hazigawanyiki tena lakini hazifi. Seli hizi ni kama mpangaji aliyeacha kulipa kodi, hataki kuhama, na usiku kucha anawapigia majirani kelele. Kelele zake ni kemikali kama IL-6 na TNF, na vimeng'enya vinavyokula gegedu. Wenye kufuatilia dawa za baridi yabisi watatambua majina hayo: ni kemikali zilezile ambazo sindano za kisasa za ugonjwa huu zimetengenezwa kuzizuia. Mwaka 2000 Mwitaliano Claudio Franceschi na wenzake waliipa jina ile hali ya inflamesheni (moto wa kinga unaoleta uvimbe na maumivu) ya chini kwa chini inayoongezeka na umri. Ukiiweka kando ya baridi yabisi unaona ni njia moja, ila mmoja anatembea na mwingine anakimbia.

Hapa ndipo utamu wa mada ulipo, mnivumilie. Je, ugonjwa ndio unaozeesha kinga, au kinga iliyozeeka ndiyo inayoleta ugonjwa?

Watafiti Cornelia Weyand na Jörg Goronzy wamelifanyia kazi swali hili miaka mingi. Mwaka 2000 kundi lao lilionyesha kwamba wagonjwa wa baridi yabisi ya rumatoidi, hata wale wa umri mdogo, wana seli T zenye telomea fupi kuliko wenzao wa rika lao. Na ufupi huo haukuwa kwenye seli zilizokuwa vitani peke yake. Ulikuwa pia kwenye zile ambazo hazijawahi kukutana na adui wowote. Mwaka 2003 wakaona jambo zito zaidi: watu wazima wa afya njema waliorithi aina ya jeni la HLA (jeni la kinga) inayoongeza hatari ya ugonjwa huu nao walikuwa na telomea zilizofupika mapema, ilhali hawaugui. Kwa hiyo kuchakaa kwa kinga kunaweza kutangulia. Kisha ugonjwa ukianza, nao unazidisha kuchakaa: mishipa ya damu, mifupa, misuli, hata moyo. Ni mzunguko, na kila mwezi unaopita bila matibabu unauongezea nguvu.

Nitarudi. Maswali karibuni.

Muuza_Samaki_Busia

Asante tabibu, umeeleza tumeelewa. Mimi kazi yangu ni samaki, kila alfajiri mikono ipo kwenye barafu. Wazee wa hapa mpakani wanasema barafu ndiyo inayoleta baridi yabisi, na jina lenyewe linasema. Nina miaka 44, vidole vinaanza kuuma. Niache kazi?

TabibuWaBombo

Kaka, usiache kazi kwa sababu hiyo. Baridi haizalishi baridi yabisi. Aliye nayo anaweza kusikia maumivu zaidi kukiwa na baridi, lakini chanzo kiko kwenye kinga.

Ila nijibu haya, maana ndiyo yatakayotupa mwanga. Asubuhi unakakamaa kwa muda gani? Kama ni dakika kumi, ishirini, kisha ukichangamka vinalegea, hiyo inaelekea kwenye kusagika kwa viungo, ambako gegedu linachakaa. Kama ni saa nzima au zaidi, na uvimbe ukiubonyeza ni laini, uko kwenye maungio ya mwanzo na ya katikati ya vidole vya mikono yote miwili, hiyo ni lugha ya rumatoidi. Vinundu vigumu karibu na kucha mara nyingi ni kusagika. Kusagika ndiko kunakofuatana na umri kwa karibu zaidi, ingawa hata huko si sahihi kusema "uzee tu", kwa sababu uzito wa mwili, majeraha ya zamani na kazi za kubeba vina mchango wake, na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja yanawasaidia kweli wenye magoti mabovu.

Swali la pili: vidole vyako vikiguswa na barafu vinageuka vyeupe kabisa kama karatasi, kisha vya bluu, kisha vyekundu? Kwa ngozi yetu nyeusi angalia kucha na upande wa kiganja. Kama jibu ni ndiyo, mwambie daktari neno kwa neno, kwa sababu hali hiyo inaweza kuwa dalili ya mapema ya lupasi (kinga kushambulia ngozi, viungo, hata figo) au ya ugonjwa wa ngozi kukakamaa, miaka kabla ya mengine kujitokeza.

Muuza_Samaki_Busia

Vyeupe hapana. Kukakamaa ni kama dakika kumi na tano, na vinundu viko karibu na kucha. Nimepumua.

BintiKawempe

Dada yenu nipo kundi la pili, lile la "wewe bado mbichi". Nina lupasi. Ilianza nikiwa chuo. Nikikaa juani muda mfupi tu uso unachubuka hapa mashavuni mpaka juu ya pua, viungo vinauma vyote, nachoka hata kushika kalamu. Kliniki moja hadi nyingine: malaria, taifodi, malaria tena, presha ya mitihani. Aliyenitambua ni nesi mmoja aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mkojo wako unatoa povu?" Ulikuwa unatoa. Protini ilikuwa inapita kwenye figo.

Sasa naendelea vizuri kwa haidroksiklorokwini na dawa za figo. Swali langu kwa tabibu linahusu mada yenyewe. Daktari wangu ananipima presha na lehemu kila nikienda, kana kwamba mimi ni mzee wa miaka sitini. Mama yangu hapimwi hivyo! Nilidhani ni utaratibu tu, lakini nikisoma uzi huu nashtuka. Je, mishipa yangu ina umri tofauti na wangu?

TabibuWaBombo

Dada yangu, pole sana, na huyo nesi Mungu ambariki. Daktari wako anajua anachofanya.

Mwaka 1997 Susan Manzi na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti uliotikisa taaluma hii. Wanawake wenye lupasi wa umri wa miaka 35 hadi 44 walikuwa na uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo zaidi ya mara 50 ukilinganisha na wanawake wa rika hilo katika jamii. Umri ambao moyo wa mwanamke kwa kawaida bado uko salama. Inflamesheni ya muda mrefu inakwaruza ukuta wa ndani wa mishipa, lehemu inapata pa kushika, steroidi (dawa kali za kutuliza inflamesheni) za muda mrefu zinaongeza sukari na presha, figo zikiguswa presha inapanda zaidi. Kwenye rumatoidi nako hatari ya moyo ni kubwa, kiasi kwamba mwongozo wa Ulaya unawaambia madaktari wakishakokotoa hatari ya moyo ya mgonjwa kwa njia ya kawaida waizidishe mara 1.5.

Kwa hiyo ndiyo, mishipa inaweza kutangulia miaka. Habari njema ni kwamba hili linazuilika kwa sehemu kubwa: ugonjwa ukitulizwa, presha ikishikwa, sigara isiwepo kabisa, steroidi zikishushwa hadi dozi ndogo iwezekanayo chini ya uangalizi. Na hiyo haidroksiklorokwini usiiache hata ukijisikia mzima. Ni ndugu ya klorokwini tuliyokunywa utotoni ikatuwasha mwili mzima. Mwaka 1951 daktari Page wa Uingereza aliandika kwamba mepakrini, dawa nyingine ya malaria, ilikuwa imewasaidia wagonjwa wake wa lupasi, na tangu hapo dawa za ukoo huo zimekuwa nguzo. Kinachotakiwa ni kupimwa macho unapoanza, kisha kila mwaka ukishatimiza miaka mitano ya kuitumia, mapema zaidi kama figo zimeguswa.

Wengine mtauliza kwa nini lupasi inapenda wasichana ikiwa ni suala la kuzeeka kwa kinga. Wanawake ni kama tisa kwa kila mgonjwa kumi. Umri si mlango pekee: kuna homoni, kuna kromosomu X mbili, kuna jeni, kuna jua na maambukizi. Lakini tazameni hili. Mwaka 2011 watafiti walieleza aina ya seli B (seli za kinga zinazotengeneza kingamwili) inayoongezeka kwenye panya wazee, wakaziita seli B za umri. Seli za aina hiyohiyo zikakutwa kwa wingi kwenye damu ya wagonjwa wa lupasi, wakiwemo vijana. Alama ya uzee ndani ya msichana. Mimi nikisoma jambo kama hilo sirudii tena kumwambia mtu "wewe bado mdogo."

DarMpakaKampala

Mkuu, uzi bora kabisa, nimeusoma nikiwa kwenye basi la Mutukula. Ila naomba nipinge kidogo. Miaka yote tumeambiwa magonjwa haya ni ya Wazungu, kwamba sisi malaria na minyoo vimetufundisha kinga. Je, hizo saa za Horvath na hiyo inflamesheni ya uzee vinatuhusu sisi au tunabeba mizigo ya watu?

TabibuWaBombo

Pingamizi lako lina uzito.

Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, aliyekuwa Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia yalikuwa machache mno hospitalini kwao, akapendekeza kwamba huenda vimelea, hasa malaria, vinaituliza kinga. Aliendelea kuonyesha kwa panya kwamba wazo hilo si la hewani. Kwa hiyo usiitupe hoja ya malaria.

Na mwaka 2025 kuna utafiti ulionipa furaha kuusoma. Walilinganisha jamii nne: Waitaliano, Wasingapuri, Watsimane wa misitu ya Bolivia na Waorang Asli wa Malaysia. Kwa Waitaliano, na kwa kiasi Wasingapuri, inflamesheni ilipanda na umri na ikafuatana na magonjwa ya uzeeni. Kwa Watsimane na Waorang Asli, inflamesheni ilikuwepo kwa wingi kwa sababu ya maambukizi, lakini haikupanda na umri kwa mtindo ule wala kufuatana na magonjwa yale. Maana yake jinsi kinga inavyozeeka inategemea pia maisha tunayoishi.

Sasa jiulize Kampala ya leo iko upande gani. Watu wamelala ndani ya vyandarua, wametibiwa minyoo, wanakula chipsi na soda, wanakaa ofisini, wanene. Bibi yetu wa Bombo aliyelima mpaka akazeeka na mjukuu wake wa Ntinda si watu wa mazingira mamoja. Pili, uchache wa zamani ulikuwa pia uchache wa macho ya kuona. Nchi nzima hadi leo mabingwa wa magonjwa ya viungo ni wachache mno, wengi wao wako Kampala. Aliyeko Moroto nani atamhesabu? Ugonjwa usiopimwa huonekana haupo.

Mzee_wa_Arua

Vijana wangu, nami niseme. Ni kweli maambukizi yana mkono katika viungo. Mwaka 1959 uliingia ugonjwa kule Gulu, homa na viungo kuuma mpaka mtu mzima anatambaa, ukasambaa Afrika Mashariki yote. Nilikuwa mtoto lakini nakumbuka kijiji kizima kimelala. Wenye umri mkubwa waliendelea kulalamikia viungo muda mrefu baada ya sisi watoto kupona na kurudi kucheza.

TabibuWaBombo

Shikamoo mzee. Hiyo ni o'nyong'nyong, kirusi cha mbu, ndugu wa chikungunya iliyoelezwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Mlipuko ule uliwakumba watu kama milioni mbili. Na ulichokiona kama mtoto ndicho kinachoonekana kwa chikungunya: mwenye umri mkubwa ana hatari zaidi ya kubaki na maumivu ya viungo kwa miezi, hata miaka. Kirusi ni kilekile, kinga ndiyo tofauti. Asante sana kwa ushahidi huu.

Msomaji_Mbarara

Kuna watu kwenye makundi ya WhatsApp wanauza vidonge vya "kurudisha ujana wa seli" na vipimo vya mate vya kujua umri wa mwili. Shemeji yangu mwenye rumatoidi anataka kuuza mbuzi anunue. Tabibu, tumshauri nini?

TabibuWaBombo

Abaki na mbuzi wake, tafadhali. Nalisema kwa uzito wote.

Saa hizo za DNA ni nzuri za kulinganisha makundi ya watu kwenye utafiti. Kwa mtu mmoja mmoja matokeo yanayumba, na hakuna daktari atakayebadilisha dozi ya shemeji yako kwa sababu ya kipimo hicho. CRP na ESR, vipimo vya kawaida vya maabara, vitamwambia mengi zaidi kuhusu inflamesheni yake leo.

Kuhusu vidonge: wazo la kuua zile seli zilizochoka linafanyiwa utafiti kwelikweli. Lakini mwaka 2020 kampuni ya Unity Biotechnology ya Marekani ilijaribu dawa yake ya aina hiyo, UBX0101, kwa wagonjwa wa magoti yaliyosagika, na haikuwashinda waliochomwa sindano isiyo na dawa. Ikiwa waliotumia mamilioni ya dola hawajafika, anayeuza kwenye WhatsApp amefikia wapi?

Hatari kubwa zaidi ni hii: akianza vidonge hivyo ataacha methotreksati, dawa ya kutuliza rumatoidi. Na zipo "dawa za asili" za viungo ambazo zinatuliza maumivu kwa usiku mmoja kwa sababu ndani zimechanganywa steroidi. Mtu ananenepa uso, anafurahi maumivu yameisha, kumbe sukari inapanda na mifupa inalika. Ukiona dawa ya mitishamba inaondoa uvimbe kwa kasi hiyo, jihadharini.

MwalimuGulu

Naomba niongeze la watoto, kwa sababu kwenye mjadala wa umri huwa wanasahaulika. Nimezika mwanafunzi wangu wa darasa la sita kwa moyo. Alianza na koo, kisha viungo kuvimba kimoja baada ya kingine, kila mtu akasema "anakua, mifupa inarefuka". Ilikuwa homa ya rumatiki.

TabibuWaBombo

Pole sana mwalimu. Hili lina uzito kuliko yote niliyoandika.

Homa ya rumatiki nayo ni kinga kujishambulia. Mtoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, anapata bakteria wa streptokoka kooni, kinga inatengeneza silaha dhidi yake, silaha zinafanana mno na shabaha zilizoko kwenye moyo, zinapiga vali. Hapo uzee hauna sehemu kabisa, kinga ni changa na kali. Ndiyo maana nasema umri peke yake hautoshi kumhukumu mgonjwa wa viungo.

Na ni kwenu Gulu ambako utafiti wa kihistoria ulifanyika. Watoto 818 wenye dalili za mwanzo kwenye vali, ambao hawakujua wanaugua, waligawanywa makundi mawili. Waliochomwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, asilimia 0.8 tu ugonjwa uliendelea. Wasiochomwa, asilimia 8.2. Mtoto mwenye koo na homa apimwe, na mwenye viungo vinavyovimba kwa kuhama apelekwe hospitali yenye kipimo cha ekho (picha ya moyo).

Hajjati_Kisenyi

Tabibu, mimi nina miaka 67. Magoti yananiuma. Maabara wamenipima kitu kinaitwa RF wakasema ni "pozitivu", kwamba nina rumatoidi, nianze dawa kali. Sasa wewe unasema tusikubali "ni uzee tu". Nimechanganyikiwa, mwanangu.

TabibuWaBombo

Hajjati, swali lako ni upande wa pili wa jambo lilelile, nashukuru umelileta.

RF ni kingamwili ambayo hupatikana kwa baadhi ya wazee wasio na rumatoidi hata kidogo, kwa sababu kinga ikizeeka huanza kutengeneza kingamwili zisizo na shabaha nzuri. Hupatikana pia kwa wenye kifua kikuu, homa ya ini na malaria za mara kwa mara. ANA, kipimo cha lupasi, nacho kina tabia hiyo. Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi. Kuna kipimo cha anti-CCP ambacho kinaaminika zaidi. Na kabla ya damu, mtu akushike viungo: je, vidole na viganja vimevimba? Asubuhi unakakamaa kwa muda gani?

Kuna rumatoidi inayoanza baada ya miaka sitini, na hiyo huja kwa ghafla, mara nyingi mabegani, na wanaume huikaribia idadi ya wanawake. Kuna magonjwa mengine ambayo karibu hayaji kabisa kabla ya hamsini, kama kuvimba kwa mishipa ya kichwani: maumivu mapya ya kichwa upande wa panja, taya kuchoka ukitafuna, na macho yanaweza kupotea kwa siku moja. Kwetu ni nadra, lakini ni dharura. Mwaka 2020 ukatambuliwa ugonjwa mwingine unaoitwa VEXAS, wa wanaume wazee karibu wote, unaotokana na jeni la UBA1 kuharibika ndani ya uboho ukubwani, si kwa kuzaliwa nalo. Fikirini: mtu anazeeka, seli moja ya uboho inakosea, kizazi chake kinatawala damu, na kinga nzima inageuka. Hakuna mfano ulio wazi zaidi wa uzee wa seli kuzaa ugonjwa wa kinga.

Hajjati_Kisenyi

Vidole havijavimba. Asubuhi ni dakika chache tu, ila kupanda ngazi ndiyo shida.

TabibuWaBombo

Basi inaelekea ni kusagika kwa magoti, lakini usiishie kwenye maneno yangu ya mtandaoni. Peleka karatasi hiyo kliniki ya viungo pale Mulago, au kwa daktari wa magonjwa ya ndani kwenye hospitali ya rufaa iliyo karibu, umweleze hivyohivyo ulivyoniambia. Usianze dawa kali kwa sababu ya RF peke yake.

Mkazi_wa_Jinja

Natumia ARV miaka mingi, virusi havionekani kwenye damu. Viungo vinaanza kuuma nikiwa na 48. Je, na mimi kinga imezeeka mapema?

TabibuWaBombo

Ndugu, hongera kwa kushikilia dawa. Utafiti wa mwaka 2016 uliotumia saa za DNA ulikadiria VVU vinaongeza umri wa seli kwa karibu miaka mitano. Ndiyo maana tunawasisitizia wenzetu wa umri wako wapime presha, sukari na mifupa mapema kidogo. Lakini maumivu yako yanaweza kuwa na sababu nyingine kabisa, kwa hiyo yasibebeshwe VVU moja kwa moja. Mwambie mhudumu wa kliniki yako ya ARV akushike viungo, na umtajie dawa zote unazotumia, kwa sababu baadhi ya ARV zinagongana na steroidi, hata zile za sindano ya goti. Hilo wengi hawalijui na limeshawalaza watu.

BintiKawempe

Tabibu, kabla hujaondoka: shangazi yangu ameanzishiwa methotreksati wiki hii, na nyumbani wanabishana kama ni kila siku au la.

TabibuWaBombo

MARA MOJA KWA WIKI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kuinywa kila siku kunaua uboho na mtu anaweza kufa. Mchagueni siku, kwa mfano Ijumaa, iandikwe kwa kalamu kubwa kwenye pakiti, na mtu mmoja nyumbani awe ndiye anayemkabidhi. Asidi foliki anywe siku nyingine kama alivyoelekezwa. Pombe aache. Apimwe damu na ini kwa ratiba atakayopewa. Akipata vidonda mdomoni, homa, au kikohozi kikavu na pumzi kuwa fupi, asisubiri Ijumaa nyingine, arudi hospitali siku hiyohiyo. Atasikia nafuu baada ya wiki sita hadi kumi na mbili, kwa hiyo asiiache wiki ya tatu akisema haifanyi kazi.